Tusiwaangamize Popo, Tuwafahamu: Fundisho la Mgodi wa Kitaka kwa Watu wa Kagera

Mara mbili katika kipindi kisichotimia miaka miwili, Mkoa wa Kagera umetajwa katika habari za dunia kwa sababu ya ugonjwa mmoja: Marburg. Tarehe 21 Machi 2023 Serikali ya Tanzania ilitangaza mlipuko wa kwanza wa ugonjwa huo nchini, katika Wilaya ya Bukoba Vijijini. Watu tisa waliugua na sita kati yao wakafariki dunia, akiwemo mhudumu wa afya. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza mlipuko wa pili, safari hii katika Wilaya ya Biharamulo. Mlipuko huo ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 13 Machi 2025, hesabu ilikuwa ya watu kumi: wawili waliothibitishwa maabara na wanane waliohesabiwa kutokana na dalili zao na mazingira ya kuugua kwao. Wote kumi walifariki dunia.

Katikati ya matukio hayo mawili, jirani zetu wa Rwanda walipata msiba wao. Kuanzia Septemba hadi Desemba 2024 watu 66 waliugua nchini humo na 15 wakapoteza maisha. Sehemu kubwa ya walioambukizwa walikuwa wauguzi, madaktari na wahudumu wengine wa hospitali. Uchunguzi ulirudi nyuma, mgonjwa baada ya mgonjwa, hadi ukafika kwa mchimbaji wa madini aliyekuwa akifanya kazi katika pango wanamoishi popo.

Popo, basi, ndiye anayetajwa kila mahali. Na pale mnyama anapotajwa kuwa chanzo cha vifo, wazo la kwanza la watu wengi ni rahisi kulitabiri: tukate miti anakolala, tuchome mapango, tumwangamize. Wazo hilo linaeleweka, kwa maana aliyemzika mama au kaka yake hana sababu ya kumpenda popo. Hata hivyo, jambo hilo lilikwisha kujaribiwa, tena si mbali nasi, na matokeo yake yameandikwa. Makala haya yanakusudia kuyaweka mbele ya waamini, ili uamuzi wetu utokane na maarifa, usitokane na hofu.

Yaliyotokea Kitaka

Magharibi mwa Uganda kuna mgodi uitwao Kitaka. Katikati ya mwaka 2007 wachimbaji wanne waliofanya kazi humo waliugua Marburg na mmoja wao akafariki. Ndani ya mgodi waliishi popo zaidi ya laki moja wa aina iitwayo popo wa matunda wa Misri, ambaye licha ya jina lake ameenea katika sehemu kubwa ya Afrika, ikiwemo nchi yetu. Huyu ni popo apendaye kulala mapangoni na migodini, na usiku hutoka kwenda kutafuta matunda yaliyoiva.

Wakati huo dunia ilikuwa imeujua ugonjwa huu kwa miaka arobaini bila kujua makazi yake. Ulitambuliwa mwaka 1967 katika miji ya Marburg na Frankfurt nchini Ujerumani, na Belgrade katika iliyokuwa Yugoslavia, baada ya watumishi wa maabara kuambukizwa na tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda. Kati ya watu 31 walioambukizwa, saba walifariki. Mwaka 1980 na mwaka 1987 wagonjwa wawili waliofariki nchini Kenya walikuwa wametembelea pango la Kitum katika Mlima Elgon. Kati ya mwaka 1998 na 2000 ugonjwa uliua watu 128 katika eneo la Durba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wengi wakiwa wachimbaji wa dhahabu na jamaa zao. Pango, mgodi, pango tena: ishara zilikuwepo, lakini ushahidi ulikosekana.

Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda iliyoko Entebbe, kwa kushirikiana na wenzao wa Marekani na Afrika Kusini, waliingia Kitaka wakiwa wamevaa mavazi ya kujikinga mwili mzima. Walinasa popo kwa nyavu na kuwachukua vipimo. Kati ya popo 611 wa aina ile waliopimwa, 31 walikutwa na virusi vya Marburg, yaani takribani watano katika kila mia. Kutoka kwa popo watano waliweza kuvipata virusi vikiwa hai, na vilipolinganishwa na virusi vya wachimbaji wagonjwa vilifanana kwa karibu sana. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2009. Kitendawili cha miaka arobaini kilikuwa kimeteguliwa.

Lakini kabla wino haujakauka, wenye shughuli zao mgodini walikuwa wamekwisha kuamua la kufanya. Waliziba njia za popo kwa matete na nyavu za kuvulia samaki, na watafiti waliporudi mwaka 2008 walikuta maelfu ya popo waliokufa wakiwa wamerundikwa msituni. Mgodi ukabaki bila popo. Aliyetazama kwa juu juu angesema kwamba hatari imeondolewa.

Mwaka 2012 Marburg ilizuka katika mji wa Ibanda, kilometa zipatazo 20 kutoka Kitaka, ikawa mlipuko mkubwa kuliko yote ya ugonjwa huo iliyowahi kutokea Uganda. Watafiti walirudi mgodini. Popo walikuwa wamerejea, ingawa kwa idadi ndogo mno: walikadiriwa kuwa kati ya mmoja na watano kwa kila mia ya idadi ya zamani. Hata hivyo, kati ya hao wachache, wenye virusi walikuwa zaidi ya 13 katika kila mia. Popo walikuwa wamepungua kupita kiasi, na kiwango cha maambukizi kilikuwa kimepanda kwa zaidi ya mara mbili.

Wahenga walisema hasira hasara, na hapa hasara ina maelezo yake ya kitaalamu. Katika kundi kubwa lililokaa pamoja kwa muda mrefu, popo wengi wazima wamekwisha kupata maambukizi na kupona, nao wamebaki na kinga. Virusi hupata shida kupata mwili mpya wa kuingia. Unapoliua kundi hilo, unaliacha pango likiwa tupu, na popo wengine kutoka pande mbalimbali huja kulijaza. Wengi wao ni vijana wasio na kinga yoyote. Virusi hukuta nyumba iliyojaa wageni, vikasambaa upesi. Wale waliotaka kuwalinda jirani zao walikuwa, bila kujua, wameiongeza hatari.

Faida ya subira ya watafiti

Tuulinganishe mkono ule wa hasira na mkono mwingine, ule wa subira. Katika Hifadhi ya Taifa ya Malkia Elizabeth, Uganda, kuna pango maarufu kwa chatu na popo. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alilitembelea, akarudi kwao na kufariki kwa Marburg. Mtalii mwingine kutoka Marekani aliugua baada ya ziara kama hiyo akapona. Kuanzia mwaka huo, kwa zaidi ya mwaka mzima, watafiti walirudi katika pango lile tena na tena, wakapima popo zaidi ya 1,600.

Walichogundua hakikuweza kuonekana kwa ziara moja. Popo hawa huzaa mara mbili kwa mwaka. Watoto wanapofikia umri wa miezi sita hivi, kinga waliyoipata kwa mama imekwisha, na hapo ndipo wengi wao huambukizwa kwa pamoja. Kwa hiyo virusi hupanda kwa majira, kama mvua: kuanzia katikati ya Desemba hadi katikati ya Machi, na tena kuanzia katikati ya Juni hadi katikati ya Septemba. Watafiti walipoyatazama maambukizi ya binadamu yaliyokwisha kujulikana, waliona kuwa zaidi ya robo tatu yaliangukia katika majira hayo mawili. Wachimbaji wa Kitaka waliugua katikati ya mwaka. Milipuko yote miwili ya Kagera ilitangazwa kati ya Januari na Machi. Ulinganifu huo peke yake hauthibitishi kila kitu, ila unatuambia ni miezi ipi tunapaswa kuwa macho zaidi.

Huu ndio msaada ambao utafiti humpa mtu wa kijijini. Haumwambii aogope mwaka mzima kila kitu kinachoruka usiku. Humwonyesha aina fulani ya popo, mahali fulani pa kuepuka na miezi fulani ya kuongeza tahadhari. Hofu isiyo na mipaka humchosha mtu mpaka akaipuuza, ilhali tahadhari yenye mahali na wakati wake inaweza kufuatwa.

Mfano mwingine mzuri unatoka Bangladesh, nchi yenye watu wanaogema utomvu wa mitende kama wagemaji wa pwani yetu wanavyogema mnazi. Tangu mwaka 2001 watu wa huko wamekuwa wakifa kwa virusi vya Nipah. Uchunguzi ulionyesha kuwa popo wakubwa wa matunda walikuja usiku kuramba utomvu kwenye mtende na kuacha mate na mkojo wao katika chungu. Asubuhi watu wakaunywa ukiwa mbichi. Dawa iliyopendekezwa ilikuwa kizuizi cha mianzi kinachofunika mahali pa kugemea, pamoja na kuuchemsha utomvu. Hakuna popo aliyehitaji kuuawa, na mgemaji aliendelea kupata riziki yake.

Mnyororo unaoanzia kwetu

Wapo watakaouliza: mbona babu zetu waliishi na popo bila habari hizi? Sehemu ya jibu ni kwamba zamani mgonjwa alikufa bila kupimwa, na jina la ugonjwa halikujulikana. Sehemu nyingine inatugusa zaidi: sisi wenyewe tumeyabadilisha makazi ya viumbe hawa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 kutoka Msitu wa Budongo, Uganda, unaonyesha jambo hili kwa namna ya kushangaza. Sokwe wa msitu huo walizoea kupata madini ya mwilini kwa kula sehemu za ndani za mti wa jamii ya mchikichi. Wakulima wa tumbaku walihitaji nyuzi za kufungia majani yao wakati wa kuyakausha, wakaikata miti hiyo kwa wingi mpaka ikatoweka. Sokwe, kwa kukosa madini yao, wakaanza kula kinyesi cha popo kilichorundikana ndani ya shina la mti wenye uwazi. Kilipopimwa, kinyesi hicho kilikutwa na virusi 27 vya aina mbalimbali, kimojawapo kikiwa ni cha jamii ya virusi vya korona ambacho hakikuwa kimejulikana. Aliyekata mti kwa ajili ya kamba hakuwaza juu ya popo wala sokwe. Lakini kamba ya tumbaku iliunganisha mkulima, sokwe na popo katika mnyororo mmoja.

Nchini Australia nako, watafiti waliofuatilia virusi vya Hendra, ambavyo hutoka kwa popo kwenda kwa farasi na kisha kwa binadamu, waliona kuwa maambukizi huongezeka pale misitu inapokatwa na popo wanapokosa chakula cha majira ya baridi. Popo wenye njaa husogea mashambani na kutoa virusi kwa wingi. Miti ya asili ilipochanua vizuri, popo walirudi msituni na maambukizi yakatulia.

Katika waraka wake wa mwaka 2015, Laudato si', hayati Baba Mtakatifu Fransisko alifundisha kwamba viumbe vyote vimeunganika, na kwamba kila kimoja kina thamani yake hata kabla ya kutufaa sisi. Wako waliolisikia fundisho hilo kama maneno mazuri ya ibada. Budongo inatukumbusha kuwa ni maelezo ya jinsi dunia inavyofanya kazi. Popo wa matunda huchavusha maua ya mbuyu na husambaza mbegu za mvule. Popo wanaokula wadudu huwala wale wanaoharibu mazao yetu. Anayewafyeka kwa ajili ya usalama wa leo anaweza kuwa anaiondoa mvule ya wajukuu wake.

Maswali ya haki

Ni vema pia kusema wazi kwamba utafiti wenyewe unahitaji kuulizwa maswali. Kukamata popo pori na kuchukua damu yao ni kazi ya hatari. Mtafiti mzembe anaweza kuwa yeye mwenyewe mlango wa maambukizi. Kuhifadhi na kukuza virusi maabara kunadai ulinzi wa hali ya juu, na mlipuko ule wa kwanza wa mwaka 1967 ulianzia kwa watumishi wa maabara. Jamii ina haki ya kujua nini kinafanyika, nani anasimamia, na sampuli zinapelekwa wapi. Kijiji kinachowaongoza watafiti pangoni kinastahili kurudishiwa majibu kwa lugha yake, wala kisiyasikie kwa mara ya kwanza kutoka ng'ambo.

Uwazi unadaiwa pia kwa upande wa mamlaka. Januari 2025 zilitangulia siku kadhaa za taarifa zilizokinzana: tarehe 14 WHO ilizijulisha nchi wanachama kuhusu wagonjwa walioshukiwa Kagera, Wizara ya Afya ikaeleza kuwa sampuli zilizopimwa hazikuwa na Marburg, na tarehe 20 Rais akathibitisha mgonjwa mmoja, baada ya vipimo vilivyofanyika Kagera na kuhakikishwa Dar es Salaam. Kupima upya na kutangaza kilichopatikana ni jambo la kupongezwa. Lakini kwa ugonjwa unaoweza kujificha mwilini kwa muda wa siku mbili hadi 21, kila siku ya mashaka ina gharama. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hii inazihusu familia, na inazihusu serikali pia.

Yatupasayo kufanya

Marburg haina chanjo wala dawa maalumu iliyokwisha kuidhinishwa, ingawa Rwanda ilitumia chanjo na dawa za majaribio. Katika milipuko iliyopita, waliofariki wamekuwa kati ya 24 na 88 katika kila wagonjwa mia. Rwanda ilipoteza 23 hivi katika kila mia, kwa sababu wagonjwa waligunduliwa mapema na kupewa huduma kamili hospitalini. Tofauti hiyo ni uhai wa watu, na sehemu yake iko mikononi mwa jumuiya zetu.

Kwanza, tuyaache mapango na migodi iliyoachwa, hasa katika miezi iliyotajwa. Wanaolazimika kuingia kwa ajili ya riziki wafunike mwili, mikono na uso. Wazazi wawaonye watoto wanaopenda kuwinda popo au kucheza pangoni. Pili, tunda lililotobolewa au kuliwa nusu na popo lisiliwe hata likikatwa upande, na matunda yote yaoshwe kwa maji safi. Popo aliyekufa asishikwe kwa mkono mtupu.

Tatu, mtu mwenye homa kali ya ghafla, kuumwa kichwa sana, kutapika, kuharisha au kutokwa na damu apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa, na asemapo habari zake aeleze pia alikokuwa. Dalili za mwanzo hufanana na za malaria, hivyo maelezo hayo yanaweza kumwokoa mgonjwa pamoja na muuguzi wake. Wapo wanaoanza kwa kumtafuta mchawi katika familia. Wakati wanapomtafuta, ugonjwa unahamia kwa anayemuuguza, na jirani asiye na hatia anabebeshwa mzigo wa chuki.

Nne, ndilo gumu kuliko yote, ni mazishi. Marburg huenea kati ya watu kwa damu na majimaji ya mwili, na mwili wa marehemu bado una virusi. Kuuosha, kuukumbatia na kuubusu kwa mara ya mwisho ni desturi zetu za upendo, na kuziacha kunaumiza. Rwanda ilipunguza idadi ya waombolezaji na kuzuia kuaga mwili hadharani. Ikitokea kwetu, mapadre, makatekista na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo ndio watakaosikilizwa kwanza. Wawaambie wafiwa ukweli huu: sala inayosaliwa hatua kadhaa kutoka kaburini haipungukiwi kitu, Misa ya kumwombea marehemu inabaki ile ile, na kutomgusa marehemu ili kumlinda aliye hai nako ni upendo.

Tano, tuwakumbuke wahudumu wa afya, wakiwemo wale wa hospitali na zahanati za Kanisa. Bukoba na Rwanda zimeonyesha kuwa wao ndio walio mstari wa mbele. Glavu, barakoa, maji na sabuni visihesabiwe kama gharama ya kupunguzwa pale bajeti inapobana. Kabla ya mlipuko mwingine, kila parokia yenye zahanati inaweza kuuliza swali moja: muuguzi wetu wa zamu ya usiku ana nini cha kuvaa mgonjwa wa kutapika damu akifikishwa mlangoni?

Popo wataendelea kulala mapangoni na kutoka jioni kutafuta matunda. Kitaka imetufundisha kwamba hatuwezi kuununua usalama wetu kwa kuwaua. Tunaweza kuwafahamu, kuwaachia makazi yao, na kujua ni lini na wapi tukae mbali nao. Wafiwa wa Bukoba na Biharamulo wanastahili kuona kwamba vifo vya wapendwa wao vimetuachia maarifa hayo, na kwamba tumeyatumia kuwalinda walio hai.